Pa Kula Samaki Kule Larashi

Niliingia nyumbani kwa watu, nikakaa kwenye kochi, nikaweka mkoba wangu pembeni, nikaagiza samaki. Ndiyo, mie. Mama mwenye nyumba alikuwa chini akichambua maharage kwenye sinia, akanitazama kama unavyomtazama paka wa jirani aliyepanda mezani. Nikamwonyesha vidole viwili: wawili, wa kuchoma. Usicheke bado, sijafika pabaya.

Hii ilikuwa Larashi, mji wa pwani kaskazini mwa Moroko. Na mimi ni mtu ambaye safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa kutoka Hounslow kwenda Kingsbury, humohumo London, kununua kunde na bizari, na hata hiyo huanza kuilalamikia tangu siku yake haijafika. Kukaa ndani ndicho kipaji changu. Nilimaliza skuli, nikaona imetosha, nikarudi kwenye kochi. Lakini Moroko nilikwenda, tena bila kitabu cha wasafiri wala ramani, kwa sababu njia yote ya kula, kutoka Tanja mpaka Larashi, nilikuwa nayo kichwani tangu mtoto. Aliyeitia humo ni jirani yetu wa chini.

Miaka ya tisini tulikaa flati ya kaunsili, nyumba za kupanga za serikali, karibu mno na uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu ya paa letu moja baada ya nyingine, mpaka tukawa na tabia yetu: mtu akiwa katikati ya neno hunyamaza, kijiko kikabaki hewani, ndege ikapita, halafu akaendelea palepale alipoachia. Jamaa zetu wa Harrow wakija kututembelea walidhani sote tumepata ugonjwa mmoja.

Jirani alikuwa mwanamke wa Kimoroko, akisafisha maofisi alfajiri. Bibi yangu alitoka Unguja na Kiingereza chake chote kilikuwa "tenkyu" na "no". Mwanzoni wakajaribu Kiarabu, lakini cha Bibi kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, na cha jirani kilikuwa cha sokoni, kila mmoja akimwona mwenziwe anabwabwaja. Basi jirani akajifunza Kiswahili jikoni kwetu, na akakipata hasa, pamoja na yale matusi madogo ya Bibi. Sisi watoto, tuliozaliwa kwenye Kiswahili hicho, tulijibu kwa Kiingereza, na Mmoroko ndiye aliyekuwa akitufokea: "Nyie! Jibuni Kiswahili! Bibi yenu mnamwonea haya?"

Tulimwita khalati, yaani mama mdogo kwa Kiarabu. Kila Jumamosi alipanda ngazi na sufuria lake, na jikoni kukanuka bizari nyembamba na mafuta ya zaituni. Kazi yangu ilikuwa kumenya vitunguu thomu, kazi ya kukaa, iliyonifaa. Na huku akikoroga alitutembeza. Tanja ukishuka, alisema, usile kwanza, kunywa chai ya nanaa kwenye mkahawa ulio juu ya jabali, bilauri iwe imejaa majani mpaka midomo ikuwashe. Kisha tafuta mtu wa kaliente pale kona ya soko: unga wa dengu uliochomwa kwenye sinia kubwa, anakukatia kipande cha moto, anakinyunyizia chumvi na bizari, unakula kwenye karatasi. Asubuhi ni bisara, uji mzito wa maharage makavu, mafuta juu yake, mkate wa moto. Asila, mji wa njiani, ni samaki wa kukaanga, wadogo, unawala na vichwa.

"Maharage yaliyopondwa," Bibi alikuwa akimchokoza, "unayasifia utasema ni biriani ya harusi."

"Lalla," jirani alimjibu kwa adabu ya kwao ya kumwita mwanamke mkubwa, "wewe kula kwanza, halafu utukane."

Na mwisho wa njia siku zote ulikuwa Larashi. Pita uwanja wenye matao, ingia lango kubwa la soko, teremka mpaka kwenye bomba la maji, mkono wa kushoto utaona mlango wa kijani. Hapo ndipo pa kula samaki. Dagaa wakubwa, wawili wawili, wamebanwa kifua kwa kifua na kotmiri na thomu katikati, wanachomwa juu ya dari huku unaitazama bahari. Hakuna pengine. Ukila pengine Larashi, umejitia hasara. Mimi nikajua huo ni mkahawa. Nani angedhani vingine?

Bibi hakurudi Unguja. Nyumba yao ilichukuliwa, wakaingia watu wengine, na yeye akasema hatakwenda kusimama nje ya mlango wake kama mwombaji. Lakini jirani alikuwa na nyumba ya mama yake, huko kwao Larashi, na alisema atazeekea humo. "Ipo, yanisubiri." Bibi alimwonea kijicho waziwazi: "Wewe una bahati, mwanangu. Una mlango wa kubisha." Wakapanga kwenda pamoja. Bibi angekaa juu ya dari apigwe na upepo wa chumvi, afumbe macho, basi. Kwake hilo lingetosha. Alinunua mpaka viatu.

Kila kiangazi safari ilisogezwa mbele. Jirani alisema anaogopa ndege. Anaogopa ndege, yeye aliyelala chini ya matumbo yake kila siku! Bibi alimcheka mpaka machozi, kisha akasema haidhuru, mwakani. Mwakani ikawa mwakani nyingine, na Bibi akafariki katikati ya baridi, viatu vikiwa ndani ya boksi. Jirani alileta bisara siku hiyo. Ilipoa mezani ikafanya ngozi juu.

Miaka ikaenda. Jirani alistaafu, na bado hakwenda. Ndipo mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikapata wazo lililohitaji koti. Nikasema nitakwenda mimi, nile njia nzima kwa niaba ya Bibi, na kwa siri nikaazimia kuiona ile nyumba ya mama yake, nije kumwambia bado imesimama ili apate moyo wa kuondoka. Nilipomuaga alisema tu, "Nenda ukale."

Nilikula, ee. Tanja, kona ya mtu wa kaliente, palikuwa na kijana anauza makasha ya simu. Nilipomwuliza alinionyesha moja lenye picha ya ndizi. Mkahawa wa jabalini ulikuwepo, lakini ukungu ulikuwa umeimeza bahari na majani ya nanaa yalikuwa mawili yakiogelea. Asila samaki walikuja na kadi yenye picha zao, na picha ndizo zilizokuwa na ladha. Bisara niliipata, nzuri kweli, katika kishimo cha duka karibu na bandari. Nikala nusu, nikabaki na kijiko hewani nikingoja, mpaka nilipotambua nangoja ndege ipite. Haikupita. Nikamaliza uji uliopoa.

Sasa turudi kwenye kochi. Binti wa nyumba alitoka chumbani na madaftari yake ya skuli, akaniuliza kwa Kiingereza safi nataka nini. Nikamwambia samaki wa juu ya dari. Akamgeukia mama yake, wakasemezana, wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

"Hapa si mkahawa, dada. Hapa kwetu."

Nilitamani ardhi inimeze na mkoba wangu. Nikajitetea kuwa nilielekezwa na jirani yangu wa London, mwanamke wa hapahapa Larashi, mlango wa kijani, bomba la maji. Binti akatafsiri. Mama yake akaacha maharage, akajifuta mikono polepole.

"Mama anasema huyo atakuwa dada wa yule mtu aliyetuuzia," binti akasema. "Kakake ndiye aliyeuza. Wazazi wangu walinunua miaka mingi kabla mimi sijazaliwa."

Binti alikuwa mwanamwali, anakaribia kumaliza skuli. Kumbe mlango wa kijani ndio nyumba yenyewe ya mama yake jirani. Nikapiga hesabu nisiyotaka kuipiga. Jumamosi zile zote, sufuria zile zote, mlango tayari ulikuwa wa hawa.

Hawakuniacha niondoke na njaa. Wakaniletea viazi vya kukaanga na jodari wa kopo. "Mama hapiki samaki ndani," binti aliniambia kwa upole. "Mapazia yananuka." Nikaomba kupanda darini. Nyumba ya pili ilikuwa imeongezwa ghorofa. Nilichokiona ni ukuta na nguo zimeanikwa.

Niliporudi Hounslow nilipita kwa jirani kabla ya kwenda kwangu. Njia nzima nilikuwa nimejipangia uongo: samaki watamu, nyumba ipo. Akanimiminia chai. Nikaanza, "Khalati, wale samaki wa Larashi, walivyokuwa..." ndege ikapita, nikanyamaza kama ada. Ilipomaliza kupita sikuweza kuendelea palepale nilipoachia. Uongo wangu ulikwenda nayo.

Nikamwambia ukweli, kuwa nyumba ina watu, kuwa kaka yake aliuza zamani. Hakushtuka. Alinitazama kama Bibi alivyokuwa akinitazama nikimenya vitunguu vibaya. Na hapo nikaona jikoni kwetu upya, wanawake wawili wasio na mlango, mmoja akimpikia mwenziwe mlango kila Jumamosi, na mimi kwenye kigoda nikimeza kila kitu. Jiko lile sasa lina wapangaji wengine. Viatu vya Bibi sijui nani alivigawa. Ile njia ya kula, kutoka jabali la Tanja mpaka bomba la maji la Larashi, haikuwa imebaki popote isipokuwa kichwani mwangu, na mimi nimekwenda kuikanyaga mpaka nayo nikaimaliza.

Jirani akasogeza bilauri yangu ya chai, akasema:

"Najua imeuzwa, nilijua kabla hujaanza skuli. Mie nilikuelekeza pa kula, sikukutuma ukanipelelezee nyumba."