Shikamoo Yangu Ulingoni

Leo mzee mwenye mvi amenilaza chali, na kosa ni la malezi yangu.

Mnajua mimi napigana mapigano ya mseto: ngumi, mateke, mieleka, vyote humo.
Wiki nzima nimetamba kijiweni kwamba hata bingwa wetu wa zamani wa ngumi, yule anayeuza asali sokoni, hamalizi hata raundi moja nami.

Leo kaja ulingoni na glavu zake.

Nilipanga nimdake miguu.
Tukasogeleana, akanikazia macho.
Jamani, nikajikuta nimeinama, mikono chini.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, mwanangu."
Ngumi ikafuata hapohapo.

Semeni ukweli, nyie mngempita bila salamu?

Mama kasikia. Kauliza kimoja tu:
"Lakini ulimwamkia?"