Mukwe Aliyepanda Ngazi Yangu

Akonkwa alikuwa mukwe wangu kwa miaka kumi na minane, na kwa miaka hiyo yote hakuingia chumba changu hata mara moja, mpaka asubuhi moja ya mwaka huu. Kwetu, upande wa Kabare, ng'ambo ya ziwa, mwanaume haingii mahali mama wa muke wake analala, wala hamugusi. Akimugusa, hata kwa bahati mbaya, analeta mbuzi ya kuomba musamaha. Kwa heshima hiyo nilimusifu. Mengine yake sikuyasifu, na sitadanganya leo kwa sababu amekufa.

Alifika Goma kijana wa kubeba magunia. Mutoto wangu Léonie alikuwa anachambua maharagi kwenye depo moja ya nafaka, mutaa wa Mapendo, wakajuana palepale kati ya magunia. Mimi nilitaka karani. Nikapata mubebaji. Baadaye patro, mwenye depo, alimutuma Bukavu kwa formasyo, mafunzo ya siku tatu, akarudi na karatasi yenye muhuri. Kuanzia siku hiyo yeye peke yake ndiye alifungua mikebe ya vidonge vya kuua vidudu vya mahindi. Ni vidonge vidogo, rangi ya majivu. Vikipata unyevu vinatoa hewa inayoua vidudu, panya, na mutu pia, na hewa ile inanuka kama kitunguu saumu. Akonkwa alinuka hivyo miaka yote. Nilikuwa namwambia Léonie mbele yake: “Wenzako wameolewa na watu, wewe umeolewa na kitunguu.” Anacheka, anaenda kunawa tena.

Wao wawili walilala kwenye nyumba ndogo nyuma ya depo. Mimi patro alinipa etaje, chumba cha mbao juu ya magunia, ngazi yake iko inje. Sakafu yangu ilikuwa mbao tupu. Kati ya ubao na ubao niliweza kuona maharagi yaliyomwagika chini.

Kila mara Akonkwa akitaka kuweka dawa, alinituma mutaa wa Katoyi kwa shemeji yangu nilale kule siku tano. Hiyo iliniuma. Niliona ni njia ya kunionyesha kwamba chumba si changu.

“Dawa iko chini, mimi niko juu,” nilimwambia. “Unanifukuza?”

“Mama mukwe, ile hewa haina adabu. Inapanda, inashuka, inaingia kwenye nyufa bila kubisha.”

“Basi wewe ni bora. Wewe angalau unaishia kwenye ngazi.”

Jioni, wakati wa kula, alirudia mambo ya formasyo kama katekisimu. Vidonge vikimwagika, toka inje, kaa upande upepo unatokea, fungua milango kama unaweza, usimwage maji, ngoja. Mimi namuuliza: “Kitu gani katika dunia hii kinakataa maji?” Léonie ananitazama vibaya. Yeye Akonkwa anasema tu, “Hiki, Mama,” anaendelea kula.

Mwaka huu vita vilifunga njia, na patro alijaza depo mpaka chini ya sakafu yangu. Mask za kujikinga na ile hewa zilikuwa mbili. Patro alizifungia kwenye ofisi yake zisichafuke kabla wakaguzi hawajafika, na ufunguo akatembea nao.

Ilikuwa siku ya nne, Alhamisi, asubuhi, mvua imenyesha. Akonkwa alikuwa amekwenda Kibati, inje ya muji, kupokea kamyo, lori la mahindi. Cubaka, mukubwa wa wabebaji, alivuta gunia la juu, gunia likaangusha mukebe mumoja wa dawa. Kifuniko kiliruka, vidonge vikatawanyika kwenye simenti yenye maji ya mvua. Cubaka si mujinga. Alifanya tu kile sisi wote tungefanya. Tangu kolera, tangu Ebola, kitu kibaya kikimwagika hapa Goma tunakimbilia ndoo ya maji na klore, ile dawa ya kuua mikrobi. Akamwaga ndoo ya kwanza. Akamwaga ya pili. Moshi mweupe ukapanda, na vidonge vikalia kama mafuta kwenye kikaango.

Mimi nilikuwa nimekaa chini ya ngazi. Niliona kuku moja inayumba, inaanguka, haiamuki. Mwanamuke mumoja wa kuchambua maharagi akaanza kutapika. Léonie akatoka ndani ameshika kichwa. Nikasema moyoni: mazuku.

Mutoto yeyote wa Goma anajua mazuku. Ni hewa ya volkano inayolala kwenye mashimo, inaua mbuzi na watu bila kelele, na inabaki chini. Mwaka nilipofika huku niliona watoto wawili kwenye shimo, njia ya Sake, wamelala kama waliochoka kucheza. Mazuku unaikimbia kwa kupanda juu. Hakuna njia ingine.

“Mazuku!” nilipiga kelele. “Pandeni kwangu!”

“Mama, mazuku hainuki!” Cubaka alijibu. “Hii inanuka!”

“Wewe umefika Goma jana!”

Wote walikimbilia barabarani. Hawakunisikiliza, na wote walipona. Nilimushika Léonie mukono. Alitaka kuwafuata.

“Mama, Akonkwa alisema…”

“Akonkwa iko Kibati,” nikamwambia. “Mama yako iko hapa.”

Akapanda.

Nilifunga mulango na komeo, nikaziba chini yake na kikwembe. Léonie akajilaza kwenye godoro, na godoro langu liko sakafuni, juu ya nyufa. Mimi nilikaa dirishani, kichwa inje, nione aibu ya wale waliokimbia. Kwa sababu hiyo tu niko hai.

Watu wenye jile, vile vizibao vya mashirika ya musaada, walifika na pampu mugongoni, wakaanza kunyunyiza klore mulangoni mwa depo. Maji tena. Nilifurahi kuwaona, niliwapungia mukono.

Halafu Akonkwa akafika na pikipiki. Cubaka alikuwa amemupigia simu. Niliona anauliza ufunguo wa mask, na Cubaka anatikisa kichwa. Alivua shati, akafunga kwenye pua. Alijua shati haisaidii kitu, alishatuambia mara nyingi. Alipanda ngazi mpaka daraja la mwisho, akasimama nyuma ya mulango.

“Mama mukwe, naomba mufungue.”

“Shuka! Utakufa na mazuku.”

“Haiko mazuku. Ni vidonge vyangu. Hewa inapita kwenye mbao. Mufungue, Mama.”

“Mukwe haingii kwangu.”

Akabisha mara mbili. Halafu akauliza: “Léonie anafanya nini?”

Niligeuka. Midomo ya mutoto wangu ilikuwa na rangi ya vile vidonge. Nikasema: “Analala.”

Alipiga mulango teke, na alipoupiga alisema, “Musamaha, Mama.” Komeo likaruka. Alimubeba Léonie mabegani, akashuka naye. Akarudi kwa ajili yangu. Mimi nilishika dirisha na mikono miwili, nikamutukana, nikavua kambambili nikamupiga usoni. Sijui ilichukua muda gani. Ulikuwa muda murefu, naye alikuwa anapumua ile hewa wakati wote. Mwisho alinitupa mugongoni. Kubeba alijua.

Aliponiweka barabarani alipiga kelele kwa wale wa jile: “Simamisheni maji!” Akarudi tena, mara ya tatu, kufungua mulango munene wa nyuma ambao unafungwa kwa ndani, hewa ipate kutoka. Alitoka akitembea. Watu wakapiga makofi.

Hospitali daktari aliniambia wazi kwamba hakuna dawa inayoshinda ile hewa. Wanamupa mutu oksijeni, wanangoja. Siku ya kwanza Akonkwa alikaa, alikunywa uji, akamuelekeza Cubaka kwa simu: depo ikae wazi siku zote hizo, mutu asikaribie, vidonge visiguswe mpaka vife vyenyewe, halafu wafunike vumbi lake kwa muchanga mukavu. Léonie, kitanda cha pili, alikuwa ameanza kufungua macho.

Mimi nilisimama mulangoni. Aliniona.

“Mama mukwe, nimekugusa. Mbuzi itakuja.”

Hapo mutu mwenye akili angejibu neno lingine. Mimi nilisema: “Iwe ya kike.”

Akacheka, na kucheka kukamuuma. Kesho yake mapafu yalijaa maji. Alikufa siku ya posho, Jumamosi, mchana, Léonie amemushika vidole. Mimi nilikuwa inje natafuta maji ya moto.

Ndugu zake walivuka ziwa kuja kwenye matanga, na waliileta. Mbuzi ya kike, yenye mimba. Alikuwa amewaambia kwa simu. Mbele ya watu wote mukubwa wao alininyooshea kamba, na kazi yangu ilikuwa kuipokea na kusema: nimekusamehe.

“Siitaki,” nilisema.

“Mama, ukikataa, unamaanisha hukumusamehe. Tutamuachaje ndugu yetu hivyo?”

Léonie alikuwa amekaa kwenye mukeka. Tangu hospitali hakuwa amenisemesha. Alinitazama. Nikaona kwamba nikipokea, Akonkwa amenikosea, na nikikataa, amenikosea na hajasamehewa. Nilichukua kamba, nikaenda nayo mpaka kwenye mukeka, nikaiweka mukononi mwa mutoto wangu. Nikasema kwa sauti, kila mutu asikie:

“Yeye hakunikosea. Mimi ndiye nilimufungia mulango. Mimi ndiye nilikupandisha.”

Nilingoja. Nina miaka sabini na moja, sijawahi kungoja neno la mutoto namna ile. Léonie alizungusha kamba kwenye mukono wake. Matanga yalipokwisha alienda bandarini na mashemeji zake na ile mbuzi.

Sasa ninaishi Katoyi. Depo imefunguliwa, kuna mutu mupya wa dawa, na nilikwenda kwa miguu kumwambia katekisimu yote ya Akonkwa. Alinisikiliza kama mutu anayesikiliza mvua kwenye mabati. Jana Charline, mutoto wa shemeji yangu, aliniambia kwamba mbuzi imezaa wawili kule Kabare. Léonie alipiga simu. Alimupigia Charline. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nilisikia sauti ya mutoto wangu, hakuomba kusema na mimi, na simu ikakatwa.