Swali la maji tuliloliuliza kwenye matanga ya mtoto, Beni wakati wa vita

Wakuu, habari za saa hizi. Wakubwa wangu, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu. Nacheka na comments zenu, napita zangu. Lakini juzi kuna mdau alianzisha uzi kwamba watafiti wa madodoso wanapotezea wananchi muda, wanauliza maswali ya ajabu, wanachukua posho, wanapotea. Nikaona leo na mimi niandike.

Haya ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimebadilisha majina tu. Picha sina, enzi zile nani alikuwa na simu ya kupiga picha.

Mimi ni Mnande wa Butembo, mashariki ya Kongo, nimezaliwa na kukulia Mususa. Sasa hivi naishi Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Wanaosubiri kunicheka kwa "mutu" na "batoto" wavumilie, watayakuta huko chini watu wakianza kuongea.

Twende.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Butembo na Beni zote zilikuwa mikononi mwa waasi. Watu wa nje wanadhani vita ni risasi kutwa nzima. Hapana. Vita ni pamoja na kwenda sokoni, kusuka nywele, kufanya mitihani, halafu siku moja asubuhi unasikia milio na kila mtu anaingia ndani. Mchana mnatoka, maisha yanaendelea.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Ili upate cheti lazima ufanye utafiti wako na uutetee mbele ya walimu. Mada yangu ilikuwa kuhara kwa watoto: wanafunzi shuleni wanajua nini, na mama zao nyumbani wanafanya nini. Nilipangiwa Beni, pamoja na mwenzangu wa darasa moja, Kambale. Kijana mrefu, mpole mpaka anakera. Mimi ni mtu wa kuongea, yeye ni mtu wa kusubiri. Mkitembea naye sokoni mnafika wakati wauzaji wanafunga.

Mwalimu aliyetusimamia alitupa sharti moja na akalirudia mpaka tukachoka: ulizeni, msifundishe. Mkimwambia mama mmoja jibu sahihi, atamwambia jirani, jirani atamwambia shemeji, na data ya mtaa mzima imeharibika. Elimu mtatoa mkishamaliza.

Nikasema sawa. Kwenye darasa la Butembo, sharti hilo lilikuwa na akili kabisa.

Tulianza na shule za Beu, upande mmoja wa mji wa Beni. Wakuu, wale wanafunzi walitushangaza. Mtoto akihara afanyiwe nini? Darasa zima linajibu kwa sauti moja: maji safi, sukari, chumvi, anyweshwe kidogo kidogo, asiachwe akauke. Wanajua mpaka vijiko. Kambale akanong'ona kwamba hapa hatuna kazi.

Nikawauliza, na nyumbani mnafanya hivyo? Wakacheka. Msichana mmoja wa mbele akasimama akajibu kwa heshima zote, "Madame, ile ni ya masomo. Kwetu nyumbani ni bamama ndio banajua."

Nikaandika jibu lake nikaendelea. Sikulitilia maanani.

Siku iliyofuata tukaenda Mulekera, upande mwingine wa mji, kuuliza akina mama. Asubuhi hiyo kulikuwa na milio upande wa barabara kubwa, ikatulia. Tulipofika kwenye avenue tuliyopangiwa, kila mlango umefungwa. Mzee wa mtaa akatuambia wanawake wote wako matangani. Kuna mama, Kavira, amezika mtoto wake wa kike jana. Kuhara.

Kambale akavua kofia, akasema turudi siku nyingine. Nami nilitaka kurudi, lakini kwetu huwezi kusikia kuna matanga ukageuza njia. Lazima uingie utoe pole.

Tukaingia. Uani wanawake wamejaa kwenye mikeka. Jikoni kuna sufuria kubwa ya chai, sukari kwenye bakuli, maharagi yanachambuliwa. Anayechambua alikuwa bibi wa nyumba, mama mkwe wa Kavira. Wote walimwita Mukaka, yaani bibi kwa Kinande. Mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka. Mtaa ule hakukuwa na mtoto aliyeugua bila kupelekwa kwake kwanza. Muuguzi wa kituo cha jirani alishakimbia, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa daktari wao.

Akatuuliza tumeleta nini. Kambale akajieleza kwa aibu, ni enquête, utafiti wa shule, tutarudi wakati mwingine, Mukaka.

Akasema, "Bamama bote iko hapa. Muulize tu. Kukaa na machozi siku muzima nayo inachokesha."

Ndivyo tulivyoruhusiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeturuhusu. Naomba mlishike hilo.

Kabla sijafungua dodoso, nikaenda kumpa pole Kavira. Alikuwa amekaa ukutani, na mapajani amempakata mtoto wake mwingine, Muhindo, mvulana wa kama miaka miwili. Wakuu, nilimwangalia yule mtoto nikapoa. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, analia bila machozi. Nikabana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, nikaachia. Ikabaki imesimama, dalili kwamba mwili umekaukiwa maji.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, anakunywa?

Akatazama upande wa mama mkwe wake. "Hapana. Mukaka alikataza."

Nikamwambia twende hospitali. Akanieleza kwamba baba wa mtoto amejaribu tangu asubuhi. Askari wamefunga barrière, kizuizi cha barabarani, wanajibu kila mtu "moto moko te," hakuna hata mmoja anayepita.

Hebu mniwekee hali yangu hapo. Binti wa miaka ishirini na kitu, sijaolewa, mgeni kwenye nyumba ya watu, siku ya msiba. Nimwambie bibi mwenye heshima zake mbele ya mtaa mzima kwamba mjukuu aliyezikwa jana alikufa kwa neno lake, na huyu wa pili anafuata? Niliogopa, nasema ukweli. Nikamtazama Kambale, naye akanitazama. Tukakaa chini tukaanza kuuliza. Nilidhani nitamaliza haraka, nimvute Mukaka pembeni, nimwombe taratibu.

Dodoso huwa linaulizwa faragha. Uani pale faragha utaitoa wapi. Kila swali lilisikika na wote.

"Mutoto akiharisha, unamupatia maji mingi kuliko siku zote, kidogo, ao hapana?"

Mama wa kwanza akajibu, "Hapana. Maji inaongeza kuhara. Tumbo inafaa ikauke."

"Nani alikufundisha vile?"

"Ni Mukaka."

Mukaka kule kwenye maharagi akatikisa kichwa, kukubali. Nadhani alifurahi kidogo.

Swali lililofuata kwenye karatasi, na mpangilio ule ulikuwa wa mwalimu, lilikuwa hili: "Ulishapoteza mutoto juu ya kuharisha?"

"Ndiyo. Mumoja."

Mama wa pili. Hapana maji. Nani alikufundisha? Mukaka. Ulishapoteza? Ndiyo.

Wa tatu hivyo hivyo. Wa nne aliposema "ndiyo, babili", nikasikia ule mlio wa maharagi kudondoka kwenye sahani umekoma. Mukaka alikuwa amekaa na mikono yake kwenye sahani, haichambui. Anasikiliza.

Nilitaka kuacha, wallahi. Lakini mama wa tano alishakaa mbele yangu anasubiri zamu yake, na kumruka mtu matangani ni dharau. Nikauliza, akajibu. Maneno yale yale, karibu kwa sauti ile ile.

Kisha akaja mama mmoja mkimbizi, aliyekuja kutoka vijiji vya kaskazini na kupangishwa pale jirani. Huyo hakufundishwa na Mukaka.

"Minabapatiaka maji mingi," akasema. "Hata usiku."

Ulishapoteza mtoto?

"Kwa kuhara, hapana, hata mumoja. Mumoja ni risasi."

Mukaka akaweka sahani chini, akaniita kutoka kule alikokaa.

"We binti. Hii swali unauliza kila mutu. Jibu yake ni gani?"

"Mukaka, sisi tunauliza tu..."

"Sasa ni mimi nakuuliza."

Nikamgeukia Kambale. Yule mpole, mtu wa kanuni, alichukua kalamu yake akaichomeka mfukoni. Nikajua tumeshakubaliana.

"Maji, Mukaka," nikasema. "Mingi."

Nilitegemea matusi. Nilitegemea kufukuzwa, au aniambie shule zenu hizi zimewaharibu. Badala yake alisimama, akaukaza mshipi wa kikwembe, kitenge chake, akaongea na watu wote kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetangaza saa ya misa.

"Musikilize. Uyu mutoto tulizika jana, Kavira alitaka kumupatia maji. Alishika kikombe, mimi nikamunyanganya. Donc musiseme tena Kavira hana akili ya kulea batoto. Museme mimi."

Maana kweli watu walikuwa wanamsema Kavira. Tuliwasikia tangu mlangoni.

Katekista aliyekuwepo akajaribu kumpoza. "Mukaka, haukujua."

"Sikujua, ndiyo," akasema. "Lakini nilikataza na nguvu ya mutu mwenye anajua."

Wakuu, nimesoma vitabu, nimekaa kwenye semina, nimesikiliza maaskofu na wanasiasa. Sijawahi kusikia mtu akisema neno zito kama lile juu ya nafsi yake. Hata leo naandika hapa nywele zimesimama.

Akaja kwa Kavira akanyoosha mikono. Akampakata Muhindo, akaniambia, "Onyesha."

Na kila kitu kilikuwepo, hilo ndilo linalonishangaza mpaka kesho. Maji yaliyochemka kwa ajili ya chai. Sukari ya chai. Chumvi ya maharagi. Vyote vilikuwa pale uani, hatua chache kutoka kwa mtoto anayekauka. Nikapima, nikakoroga, maji yalipopoa nikampa Mukaka kijiko.

Hakumpa mtu mwingine kile kijiko. Kutoka saa ile mpaka jua linaelekea kuzama alikaa ananywesha. Kijiko, anasubiri, kijiko. Mtoto akitapika, namwambia pumzika kidogo uanze tena, anaanza tena. Wanawake walisogea karibu mmoja mmoja, wakakaa wanatazama.

Jioni Muhindo akamkojolea. Kikwembe cheusi cha msiba kikalowa chapa. Nikapiga kelele, amekojoa, amekojoa! Wakaniona nimechanganyikiwa. Nilipowaeleza maana yake, kwamba mwili umepata maji, wale wanawake wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Kavira akainamisha uso kwenye magoti, mabega yanacheza. Mukaka akasema "Wasingya," asante, sijui alikuwa anamwambia nani.

Kuhusu data, mliokuwa mnasubiri hapo: mwalimu aliifuta avenue nzima, nikarudia kwingine. Sikubishana. Kwa kanuni alikuwa sahihi.

Tulilala palepale kwa sababu ya amri ya kutotembea jioni. Asubuhi nilidhani yameisha. Naamka, namkuta Mukaka ameshaoga, amefunga kitambaa, anatoka. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa bale benye balisema ndiyo."

Sikuelewa mara moja. Alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba, kwa kila mama aliyezika mtoto, kumwambia ana kwa ana kwamba ushauri ule ulikuwa wake na ulikuwa mbaya. Nikamwambia Mukaka, walishakusikia jana. Akasema jana aliongea na watu, leo anaongea na mama wa mtoto.

Nikamfuata nyuma.

Nyumba ya kwanza, yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu. Mukaka alisimama pale kidogo akasema, "Iko na haki," akageuka kwenda ya pili.

Nyumba ya pili walilia wote wawili. Ya tatu mama alimtupia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na bibi akayapokea yote, kichwa wazi, kitambaa ameshika mkononi. Alipotoka pale mgongo wake ulikuwa umepinda. Niliona kabisa kwamba nyumba ya nne hataiweza. Alishika ukuta.

Nikasikia hatua nyuma yetu. Ni Kavira, na Muhindo mgongoni, amelala, shingo imekaa sawa. Mama aliyezika juzi tu. Kama kuna mtu mtaa ule aliyekuwa na haki ya kumfungia bibi yule mlango, ni yeye.

Alimshika mkono, akamtoa kwenye ukuta, wakatembea pamoja mpaka mlango wa nne. Mama wa nyumba alipotokea akiwa amekunja uso, Kavira ndiye aliyeanza.

"Mumusikilize mama," akasema. "Mimi nilishamusikiliza."

Wakuu, nilibaki barabarani nimeshika madodoso yangu, nalia kama mtoto.

Nilichojifunza: kuna swali ambalo likiulizwa tu, mtu akapata nafasi ya kusikia majibu ya wenzake, linafanya kazi kuliko hotuba. Na elimu ya shuleni haivuki kizingiti cha nyumba mpaka yule anayesikilizwa humo ndani akubali kuifungulia.

Sasa ninyi. Umewahi kumwona mtu mzima, mwenye heshima zake, akizunguka kulifuta neno lake mwenyewe? Niandikieni, nitasoma yote. Na watafiti wa humu mnaoshika kanuni, njooni mniambie kama nilikosea kumjibu yule bibi. Nitawasikiliza, ila msitegemee nibadilike.