Maji Matupu Puani mwa Robo

Pale kliniki ya wanyama wanamwita Mama Matone, na jina hilo hakulipata bure. Chanjo ya kikohozi cha mbwa anayoitumia haina sindano, inadondoshwa puani. Na mbwa, hata umwone mpole vipi, pua yake haitaki mzaha. Daktari mwenyewe alishapigwa chafya ya uso mzima, miwani na yote, na tangu siku hiyo kazi akamwachia mama huyu. Yeye mbwa hampandishi mezani. Anavua viatu, anakaa sakafuni, anamlaza kichwa pajani na kumpigia umbea wa mtaa: nani kaoa, nani kahama, nani kanuniana na nani. Mbwa akishanogewa, tone moja, la pili, kazi imekwisha.

Jumatatu fundi saa mstaafu alimleta Robo, mbwa mzee wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama, jingine limelala. Tangu mkewe afariki, fundi hana mwingine nyumbani ila huyo. Moyo wa fundi huyo ulikuwa na mshipa ulioziba, na mara mbili alishakataa kupasuliwa kwa sababu hana wa kumwachia mbwa. Safari hii akapata hosteli ya mbwa, ila nao wana sharti lao: chanjo ya kikohozi, siku tatu kamili kabla ya kuingia. Alhamisi Robo aende hosteli, mzee akalazwe, Ijumaa apasuliwe. Mambo yamepangika.

Jumatano mchana Mama Matone akawa anasafisha friji. Chanjo ile huja vichupa viwili, kimoja cha unga, kingine cha maji ya kuuchanganyia. Akakiona cha unga kimekaa, kizibo hakijaguswa. Cha maji hakipo. Na wiki ile alichanja mbwa mmoja tu. Jamani, ni Robo! Siku ile alikuwa anamsimulia Robo habari za wifi yake, zikamnogea mwenyewe, akasahau kuchanganya.

Maji matupu hayamdhuru mbwa, na cheti kilishagongwa muhuri. Angenyamaza, nani angejua? Lakini kule hosteli mbwa thelathini wanapumuliana usoni, na Robo ni mzee. Akamwambia daktari, akavaa viatu, akaenda kwa fundi saa kwa miguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Begi lilikuwa tayari mlangoni. Hakukaa.

"Baba, nimekukosea. Juzi nilimtia Robo maji matupu. Dawa yenyewe niliisahau kwenye friji."

Mzee hakufoka, na heri angefoka. Aliinuka taratibu, akafungua begi, akaanza kutoa mashati moja moja na kuyarudisha kabatini.

"Basi, si neno," alisema. "Binadamu hatukosi kukosea. Nitakwenda safari nyingine."

Mama Matone akamshika mkono uliobeba shati. Alikuwa anampenda mzee huyu, na alijisikia vibaya.

"Safari nyingine hatuna uhakika nayo, baba. Robo atakaa kwangu. Mume wangu anaogopa mbwa, lakini mimi ananiogopa zaidi."

Mzee akacheka. Kicheko kikageuka chozi, akalifuta kwa lile shati, kisha akalirudisha kwenye begi.

Alhamisi asubuhi Robo alipata chanjo ya kweli, sakafuni kama kawaida, ila bila umbea. Mama Matone alikuwa anahesabu vichupa kwa midomo. Jioni mzee akamleta Robo nyumbani kwa mama huyo, na bakuli lake na blanketi lake. Teksi ilikuwa inangoja. Akainama, akamkuna mbwa chini ya kidevu. Kisha akamvuta mama pembeni.

"Usimwambie nakwenda kulazwa," akanong'ona. "Huwa nikitoka namwambia nakwenda sokoni. Hapo hutulia."

Teksi ikaondoka. Robo akabaki amesimama getini, macho barabarani, mwili wote unamtetemeka.

Mama Matone, aliyeshindwa kuificha siri ya kichupa kimoja cha maji, akavua viatu, akakaa chini kwenye vumbi, akakivuta kile kichwa pajani.

"Amekwenda sokoni," akamwambia. "Leo foleni ndefu kidogo."