Siku Mabruki Aliporudi Ndani

Mtaa mzima wa Isevya, mjini Tabora, ulijua kwamba Mabruki Feruzi, fundi seremala, haamini kitu. Haikuwa siri, wala yeye hakujivunia. Aliacha kuswali mwaka ule alipozika wanawe wawili wa kiume ndani ya mwezi mmoja kwa surua, wote wawili wamevaa hirizi, wote wawili wamesomewa, na mmoja amechinjiwa mbuzi mweusi na mganga aliyetoka Ziba. "Kila aliyeitwa alikuja," alimwambia Dionis, mwenzake wa karakana, "na hakuna aliyesaidia." Baada ya hapo hakubishana na mtu. Mwezi wa Ramadhani hakula barabarani, kwa heshima ya majirani. Mkewe Tatu akifukiza ubani, yeye alitoka akakaa barazani mpaka moshi uishe.

Kilichomchekesha ni kimoja tu, habari za ndege. Babu yake alikuwa mpagazi aliyebeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani, na alikuwa akisimulia jinsi msafara wa watu mia tatu ulivyogeuza na kurudi mwendo wa siku nzima, kwa sababu ndege amelia upande wa kushoto. "Watu mia tatu," Mabruki alisema huku akipiga randa ubao wa mninga, "wakamtii ndege ambaye hata hakuwa akisema nao."

Mtoto aliyembakia alikuwa binti, Mwanahawa. Alipong'oka jino la kwanza alilitupa juu ya paa, akaomba aletewe jipya. Baba yake akamweleza kwamba meno huota yenyewe.

"Najua, baba," mtoto akasema, "lakini nimeshaomba."

Alikua, akaolewa na Mahona, mkulima wa Puge, ambaye alisilimu ili amwoe na kupewa jina la Ramadhani ambalo hakuna aliyelitumia. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, Mahona na mkewe waliiacha nyumba yao wakapelekwa kijiji kipya, maili sita kutoka barabara kuu ya Nzega. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Zahanati ilikuwa na mlango na madirisha. Dawa zilikuwa bado.

Jumatano moja ya mwezi wa Novemba habari ikafika Tabora. Mwanahawa amejifungua mtoto wa kike, lakini siku ya tatu homa imempanda, na sasa anasema maneno yasiyoeleweka. Mabruki akaenda moja kwa moja kwa Limbu, dereva wa lori lililopeleka unga wa njano Nzega na kurudi jioni yake. Wakapatana. Limbu atakata kona mpaka kijijini amshushe Mabruki, na akirudi atapita kuwachukua baba na mgonjwa, awafikishe hospitali.

"Saa moja kamili, mzee," Limbu alisema. "Nitapiga honi. Kusubiri sitaweza, watu wa huko wana njaa."

Alhamisi asubuhi Mabruki akachukua mfuko wake. Kwenye kizingiti mguu wa kushoto ukajikwaa, kidole gumba kikachanika. Tatu akamshika mkono wa shati.

"Baba Mwanahawa, usitoke na ndege mbaya. Rudi ukae kidogo, unywe maji, nikusomee, ndipo utoke upya."

Siku nyingine yoyote angecheka. Siku ile alitazama damu kwenye kidole, akakumbuka zile mbao fupi za makaburi ya wanawe wawili, alizozikata mwenyewe. Akarudi ndani. Akaketi kitandani kama mtoto anayeadhibiwa. Honi ikalia mara ya kwanza, akasimama. Tatu, akiwa amefumba macho, akainua kiganja kumwonyesha kwamba bado hajamaliza. Na Mabruki, kwa akili zake timamu, akaketi tena. Honi ikalia mara mbili zaidi. Alipofika barabarani alikuta vumbi.

Alizunguka mji mzima kutafuta gari, asipate. Ijumaa ndipo lori jingine lilipomchukua, likamtupa njia panda, na maili sita akazitembea kwa mguu ule uliochanika. Njiani alijikuta akisema kwa sauti: nikikutana na mwanamke aliyebeba maji kabla ya kufika kile kichuguu, atakuwa mzima. Hakujua alikuwa akimwambia nani. Akakutana na wawili, ndoo zao zimejaa mpaka zinamwagika. Akafurahi. Aliwaamkia kwa furaha hata wakageuka kumtazama.

Mahona alikuwa amekaa chini nje ya nyumba, na wanaume wachache pembeni yake. Akainuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Mahona akatazama ukutani. Jembe lililoegemea ukuta lilikuwa na udongo mbichi.

"Ametuacha jana magharibi," mmoja wa wazee akasema. "Tumemzika leo asubuhi."

"Alikuwa akikuulizia," Mahona akasema. "Tulidhani habari haijakufikia."

Hapo ndipo Mabruki alipofahamu kwamba kijijini hakuna aliyejua habari za lori. Alifungua mdomo awaambie, akaufunga. Alikwenda kaburini akakaa mpaka jua likamchoma kisogo. Wazee waliofuatana naye walimwombea marehemu, naye akainua mikono kwa sababu wao wameinua.

Mtoto alichukuliwa na Tatu, akalelewa kwa maziwa ya mbuzi. Wanawake walipokuja kutoa pole, Tatu aliwasimulia jinsi mumewe alivyojikwaa. "Ile ilikuwa habari ya msiba," alisema. "Ilitujia kabla." Mabruki alikuwa chumba cha pili akisikia. Kwake yeye jiwe la kizingiti halikuwa na habari yoyote. Kama angelikanyaga akapita, binti yake angelala hospitali siku ile ile. Angepona au asingepona, hilo hakulijua. Lakini kumwambia Tatu maneno hayo kungekuwa kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeinua kiganja, na Mabruki hakuwa na nguvu ya kumvunja mtu wa pili. Wala haikuwa kweli yote. Hakurudi ndani kumridhisha mke. Alirudi kwa sababu aliogopa.

Akawa mkimya. Mafundi walisema Mabruki amerudi kwa Mungu, na imamu akatuma salamu kwamba nafasi yake safu ya mbele ingali ipo. Hakwenda. Dionis alimwuliza siku moja kama angalau anajaribu kuomba.

"Nilijaribu njiani," Mabruki akasema. "Nikajibiwa vizuri sana."

Mtoto alipotimiza siku arobaini, Tatu alimfunga hirizi mkononi, akamtazama mumewe akingoja neno. Mabruki aliangalia ule uzi mweusi kwenye mkono mdogo, akauona umekaza mno. Akaulegeza kidogo kwa kidole, akatoka kwenda kazini.