Bangili za Bibi Kule Juu

Mpaka leo nausikia mlio wa bangili za bibi. Zilikuwa nne, za shaba. Kwa Wamaasai mtoto hampi mkubwa mkono, anampa kichwa. Na kila aliyemwinamia bibi, kiganja chake kilimshukia utosini na zile bangili zikagongana, cheng, cheng.

Bibi, mama yake mama, aliishi nami Karatu kwa sababu ya kliniki ya kisukari. Mimi nilifua mashuka kwenye loji moja ya watalii, huku nikiota kwamba siku moja nitaongoza wageni. Nilifanya mazoezi na mashuka yenyewe kambani: karibuni sana, kulia kwenu kuna tembo. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Corona iliporudi tena, msimu wa baridi, muuguzi wa kliniki aliniambia, "Dada, bibi yako ni mzee, ana sukari, ana presha. Na wewe unafua mashuka ya watu wa dunia nzima. Mwangalie sana."

Nikawaza, nikapata jibu nililoliona zuri. Ugonjwa si unafuata lami, kwenye maloji na magereji? Basi nimpeleke bibi juu Ngorongoro, bomani kwa mjomba, mbali na barabara, akapate hewa safi. Nikafunga dawa zake kwenye kitenge, nikavaa barakoa, nikakaa siti ya nyuma yake, tukapanda.

Hata wakati wa kuaga pale bomani, nikirudi Karatu, sikumpa kichwa. Nilisema shikamoo nikiwa nimesimama mbali.

"Kichwa chako kimeota miiba?" akauliza.

"Kimeota loji, bibi."

Akacheka. "Haya, kaoshe. Kikitakata nakidai."

Bibi alikuwa hajaonekana bomani miaka miwili, kwa hiyo walikuja wote kumsalimia. Mjomba alinisimulia baadaye: watoto, wake za majirani, vijana waliotoka kuuza mbuzi kwenye mnada wa mifugo, wengine wakikohoa na kusema ni vumbi tu. Ukungu ulikuwa mzito, nje hakukaliki. Basi salamu zilikuwa ndani, kwenye nyumba ya udongo isiyo na dirisha, moto unafuka, watu wamebanana, mmoja mmoja anainama. Mimi niliogopa watalii. Mnada haukunijia akilini kabisa.

Wiki ya pili mjomba akanipigia. "Mama anapumua kwa shida."

Gari nililopata lilipanda mlima likipapasa ukungu. Nilipofika, mjomba alikuwa amekaa chini nje ya mlango, amejifunika shuka mpaka kichwani. Nikajua.

Hakuna aliyempima. Watu walisema changamoto ya kupumua, wakaishia hapo.

"Mjomba, mimi ndiye niliyemleta huku."

"Alifurahi, mwanangu," akasema. "Alisalimia watu mpaka mkono ukachoka."

Alitaka kunifariji, najua. Lakini ndilo neno lililonimaliza.

Siku moja baada ya mazishi, wote walipotoka na mifugo, niliingia ndani peke yangu. Bangili zilikuwa zimetundikwa kwenye kijiti ukutani. Nikazivaa. Zilinipwaya. Nikapiga magoti mbele ya kitanda chake cha ngozi, nikainama, nikajiwekea kiganja utosini.

Zikagongana.