Maharagwe Katika Koti Jeupe

Kila wiki mama mmoja alivuka mto kutoka Lubunga kuja kliniki yetu, akishikwa mkono na binti yake. Kabla ya kiharusi aliuza samaki sokoni. Baada yake alibakiwa na nyimbo tu. Wimbo wa kanisa aliutoa mzima, lakini ukimwuliza jina lake, midomo ilitafuta na kukosa.

"Anaimba siku muzima," binti alituambia. "Bon, iko muzuri. Lakini mi nataka aseme na mimi. Hata anitukane."

Mwenzangu, mzoefu wa tiba ya kurudisha usemi kwa nyimbo, alipiga gitaa. Mimi, niliyetoka chuoni juzi tu, nilipaswa kuandika kila neno ambalo mama angetamka bila kuliimba. Nilipotoa kalamu, akafunga mdomo. Usiku sikulala. Je, ni sura yangu? Ni viatu?

"Docteur, usijisumbue," binti alinicheka. "Mama ya soko akiona kalamu, anajua ni mutu wa taxe, anakuja kulipisha kodi."

Tukajaribu kumrekodi kwa simu. Mama akatengeneza kilemba, akakaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Ndipo nikabuni njia ya siri: maharagwe kwenye mfuko wa kulia wa koti langu; neno likitoka, punje moja ihamie mfuko wa kushoto. Nilijiona mjanja. Ila nilikuwa na wasiwasi kwamba huenda punje zinahama zenyewe, basi nikawa nazipapasa muda wote, mikono yote miwili.

Siku moja gitaa lilinyamaza katikati ya wimbo, kama kawaida, ili kumwachia mama nafasi. Mama hakutazama gitaa. Alitazama mifuko yangu.

"Mutoto huyu," akasema polepole, bila kuimba hata kidogo, "iko na siafu?"

Sentensi ni punje moja, au kila neno na punje yake?

"Hamisha basi!" mwenzangu akaninong'oneza.

Nikachomoa mkono kwa pupa, maharagwe yakamwagika hadi miguuni pa mama. Akaokota moja, akaligeuzageuza vidoleni kama mtu anayetaka kupunguziwa bei.

"Ya... zamani," akahukumu.

Binti akaangua kicheko. Mama akamgeukia, uso umekunjamana.

"Weye. Unacheka nini? Okota!"

Binti akapiga magoti, machozi yakimtiririka. Akaokota moja moja, na kwa kila punje akaitikia, "Ndiyo, mama," hata mama alipokuwa ameshanyamaza.